Pumzi Isiyofika Mwisho: Ozoni katika Mapafu Yenye Afya

Kati ya 1959 na 1964, timu ya mbio za nyika ya shule ya sekondari ya San Marino, jirani na Los Angeles, iliweka kumbukumbu za muda wa kila kijana katika mashindano ya nyumbani. Watafiti Wayne, Wehrle na Carroll walizichukua kumbukumbu hizo, wakazilinganisha na vipimo vya hewa vya siku zile zile, na mwaka 1967 wakachapisha walichokiona katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kwa kawaida kijana wa mbio huongeza kasi kadiri msimu unavyosonga mbele. Pale San Marino, kadiri hewa ya saa moja kabla ya mbio ilivyojaa vioksidishaji, na kikubwa kati ya hivyo ni ozoni, ndivyo walivyoongezeka vijana walioshindwa kuupunguza muda wao wa mbio zilizotangulia. Uhusiano ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ni vigumu kuuita bahati nasibu.

Hawa hawakuwa wagonjwa wa pumu wala wazee. Walikuwa vijana wa miguu na mapafu mazuri kuliko karibu kila mtu mjini kwao. Watafiti walitoa maelezo mawili bila kuchagua moja: huenda njia za hewa zilibana, au huenda kifua kiliwasumbua kiasi cha kuwafanya wasikimbie kwa nguvu zao zote. Ilichukua takriban miaka thelathini ya kazi ya maabara kupata jibu, na kwangu mimi jibu hilo ndilo kiini cha suala zima. Tusipolielewa, tutasoma vipimo vya ozoni kinyume: tutamhurumia aliyekohoa na kumsahau aliyekaa kimya.

Tuanze na gesi yenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kwamba ozoni ni tabaka la juu linalotukinga na miale mikali ya jua, na ni kweli. Lakini molekuli hiyo hiyo ya atomi tatu za oksijeni hutengenezwa pia huku chini tunakovuta pumzi, na hakuna bomba linaloitoa moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia wa chuo cha Caltech, alionyesha kwamba oksidi za naitrojeni kutoka kwenye injini, zikikutana na mvuke wa petroli na mwanga wa jua, huzaa ozoni. Moja ya njia zake za kuipima ilikuwa kipande cha mpira kilichokunjwa na kuachwa hewani: kadiri ozoni ilivyokuwa nyingi, ndivyo mpira ulivyopasuka haraka. Matairi ya Los Angeles yalikuwa yakipasuka kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo hiyo.

Gesi nyingine chafu, kama dioksidi ya salfa, huyeyuka upesi katika unyevu wa pua na koo, hivyo sehemu kubwa hunaswa huko juu. Ozoni huyeyuka kwa shida. Sehemu yake hupita, ikashuka hadi kwenye vijia vyembamba kabisa vya hewa, pale vinapoungana na vifuko vya mapafu. Huko haifiki mbali ndani ya nyama: hukutana na utando mwembamba wa majimaji na mafuta unaofunika njia za hewa, ikapambana na mafuta hayo papo hapo na kuyageuza kuwa kemikali nyingine kali. Kemikali hizo ndizo zinazozichokoza chembe na mishipa ya fahamu iliyo chini yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni kiasi gani kimeingia, na kiasi hicho hutokana na mambo matatu: wingi wa ozoni hewani, muda wa kuivuta, na ukubwa wa pumzi. La tatu ndilo tunalolipuuza. Mtu aliyekaa huvuta kama lita nane au kumi kwa dakika. Akilima, akibeba zege au akikimbia, hufika lita arobaini, sitini na zaidi, tena huacha kupumua kwa pua na kuvutia mdomoni. Ndiyo maana mwenye afya anaweza kupata dozi kubwa kuliko mgonjwa aliyebaki nyumbani. Afya njema inampa uwezo wa kufanya kazi ngumu juani, na kazi hiyo ndiyo inayomwingizia gesi.

David Bates na Milan Hazucha, wakiwa Montreal, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaweka watu katika chumba chenye ozoni iliyopimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitumia sehemu 750 kwa bilioni, kiasi kikubwa mno kwa macho ya leo, na walionyesha kwamba mazoezi mepesi tu yanaongeza madhara kuliko kukaa. Jack Hackney aliendeleza kazi ya namna hiyo kusini mwa California. Lakini mahali palipotoa takwimu nyingi zaidi ni maabara ya serikali ya Marekani pale Chapel Hill, North Carolina, na jaribio lake la saa sita na dakika thelathini na tano linastahili kuelezwa kwa karibu.

Kijana mwenye afya, asiyevuta sigara, anaingia chumbani asubuhi. Hajui kama leo atavuta hewa safi au yenye ozoni. Atarudi siku nyingine kwa ile aliyoikosa. Anatembea juu ya mkanda wa mashine au anakanyaga baiskeli kwa dakika 50, kisha anapumzika dakika 10. Katika mapumziko hayo anaweka mdomo kwenye kipimo cha pumzi, na msimamizi anamhimiza: vuta, vuta, ongeza kidogo, jaza mapafu mpaka mwisho, sasa toa kwa nguvu zako zote usibakishe. Mizunguko mitatu, chakula cha mchana humo humo kwa dakika 35, kisha mizunguko mitatu mingine. Mazoezi yamepangwa yamfanye apumue kama mtu anayefanya kazi ya mikono nje kutwa nzima. Saa za mwanzo mara nyingi hakuna kitu. Kuelekea mchana baadhi yao huanza kukohoa wanapojaribu kuvuta pumzi ndefu, na kusema kuna maumivu nyuma ya mfupa wa kifua. Tarakimu inayotazamwa zaidi ni hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu. Nitaiita pumzi ya sekunde ya kwanza.

Mwaka 1988 Folinsbee na wenzake walitumia sehemu 120 kwa bilioni, kiwango ambacho sheria ya Marekani wakati huo ilikiruhusu kwa saa moja. Mwisho wa siku pumzi ya sekunde ya kwanza ilikuwa imeshuka kwa wastani wa asilimia 13. Kwa kijana mwenye lita nne, hiyo ni nusu lita, ujazo wa chupa ndogo ya maji. Miaka miwili baadaye Horstman alishuka hadi 80 kwa bilioni, na hasara ilikuwa bado asilimia 7 hivi. Kikundi cha Chuo Kikuu cha California pale Davis kikashuka zaidi: mwaka 2009 Schelegle na wenzake waliripoti hasara ya wastani wa zaidi ya asilimia 5 karibu na 70 kwa bilioni. Mwaka 2011 Kim na wenzake, wakiwa na vijana 59 na kiwango cha 60 tu, walipata asilimia 1.7, ndogo lakini si ya kubahatisha.

Viwango vya sheria vimefuata nyuma ya namba hizi. Marekani ilitumia 120 kwa wastani wa saa moja tangu 1979, ikahamia 80 kwa wastani wa saa nane mwaka 1997, kisha 75 mwaka 2008, na 70 mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo kwa saa nane, ambayo ni karibu 50 kwa bilioni, na mwaka 2021 liliongeza kiwango cha msimu mzima cha mikrogramu 60.

Wapo wanaosema asilimia 1.7 haina maana kwa mtu mwenye mapafu mazuri. Hoja hiyo ingesimama kama kila mtu angepoteza asilimia 1.7. Hawapotezi hivyo. Kwa 80 kwa bilioni, pale ambapo wastani ni asilimia 7, takriban mmoja kati ya wanne hupoteza zaidi ya asilimia 10, na wengine hawapotezi kitu. Na aliye mwepesi kuathirika leo ndiye atakayeathirika akirudi baada ya wiki au miezi. McDonnell alithibitisha hilo mwaka 1985. Ni tabia ya mwili wa mtu, na kwa nje haionekani. Urefu, nguvu, au rekodi ya mbio haviwezi kukwambia ni nani.

Turudi kwenye swali la San Marino. Njia za hewa zilibana, au kijana hakutaka? Ukitazama vipimo kwa makini, jambo la kushangaza linajitokeza. Njia za hewa hubana kweli, lakini kidogo. Beckett na wenzake waliwapa watu atropini, dawa inayozuia misuli ya njia za hewa isikaze. Kubana kulizuiwa, lakini ujazo wa pumzi uliendelea kushuka kama kawaida. Mwaka 1989 Hazucha, Bates na Bromberg walionyesha kinachopungua: ni ile pumzi ya kuvuta ndani. Mtu anashindwa kujaza mapafu mpaka juu, na asiyejaza hawezi kutoa nyingi. Misuli ya kifua ni mizima, mapafu hayajakakamaa. Mwili unaikatiza pumzi kabla haijafika mwisho.

Ushahidi uliomaliza mjadala, kwa maoni yangu, ulikuja mwaka 1998. Passannante na wenzake waliwapa ozoni watu wanaojulikana kuathirika sana, kisha wakawachoma sindano ya sufentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini. Kwa muda mfupi sana maumivu yalipungua na sehemu kubwa ya pumzi iliyopotea ikarudi. Hakuna jeraha la mapafu linalopona kwa dakika chache. Kilichoondoka ni kizuizi cha mishipa ya fahamu. Nyuzi nyembamba za neva zilizo kwenye kuta za njia za hewa huchokozwa na kemikali zinazozaliwa na ozoni, zikapeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo ukaikatiza pumzi bila kumuuliza mwenye mwili. Dawa za kawaida kama indometasini na ibuprofeni, zikinywewa kabla, hupunguza anguko hilo, kwa kuwa huzuia baadhi ya kemikali zinazozifanya neva ziwe nyepesi kuhisi.

Kwa hiyo wale vijana hawakuwa wavivu, na vifua vyao havikuwa vimebana sana. Walikatazwa na neva zao wenyewe. Makocha wengi wanawajua wanariadha wa namna hii na huwaita walegevu siku za jua kali zenye ukungu wa mji; ingefaa wayajue majaribio haya.

Hapa ndipo wengi hukomea, na hapa ndipo tatizo kubwa linapoanza. Ikiwa pumzi iliyopungua ni kazi ya neva, jeraha lenyewe liko wapi? Mwaka 1989 Hillel Koren na wenzake pale Chapel Hill waliwapa vijana 11 wenye afya 400 kwa bilioni kwa saa mbili, wakawaacha walale, na saa 18 baadaye wakaingiza mrija mwembamba mapafuni, wakamwaga maji ya chumvi na kuyavuta tena. Maji yale yalikuwa na chembe nyeupe za ulinzi, zile za aina ya nutrofili zinazokimbilia palipoumia, mara nane ya kiasi cha siku ya hewa safi. Protini ya damu ilikuwa imevuja kuingia njia za hewa. Mwaka 1991 Devlin alirudia kazi hiyo kwa 80 na 100 kwa bilioni kwa jaribio la kutwa, viwango vya mji wa kawaida wa kiangazi, na bado akazikuta nutrofili zimeongezeka.

Yote hayo hutokea baada ya mtu kuondoka maabara. Pumzi yake huanza kurudi jioni ile ile, na kesho yake wengi wako karibu na kawaida. Uvimbe wa ndani hufuata saa yake nyingine. Na watafiti walipopanga wahusika kwa kiasi cha pumzi waliyopoteza, kisha wakawapanga tena kwa kiasi cha uvimbe, mipangilio miwili haikufanana. Aliyekohoa na kupoteza robo ya pumzi anaweza kuwa na uvimbe mdogo. Aliyemaliza mizunguko sita akisema hana tatizo anaweza kuwa na nutrofili nyingi kuliko wote.

Kipimo cha pumzi kinaeleza jinsi neva zinavyolalamika. Hakielezi kiasi cha kuumia. Ni chombo kizuri, cha bei nafuu, kisichoumiza, na ndiyo sababu kimebeba utafiti mzima wa ozoni kwa nusu karne. Lakini kukitumia kama cheti cha usalama ni kosa, na kosa hilo limejificha katika kauli moja ambayo kila fundi, mkimbiaji na mkaaji wa mji ameitamka: mimi nimeshazoea.

Kuzoea kupo, tena kumepimwa vizuri. Folinsbee mwaka 1994 aliwarudisha vijana 17 siku tano mfululizo kwa 120 kwa bilioni. Siku ya kwanza walipoteza wastani wa asilimia 13 hivi, ya pili karibu 9, ya tatu chini ya 3, na kufikia ya tano hakuna kilichopotea. Kwa dozi kubwa zaidi siku ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza, kisha unafuu huja. Hackney aliona mapema, mwaka 1977, kwamba wakaaji wa kusini mwa California walikuwa hawashtuki kama wageni kutoka Kanada. Baadaye William Linn alionyesha kwamba watu wa Los Angeles walio wepesi kuathirika hupoteza wepesi huo msimu wa moshi unapoendelea, na kuurudisha majira ya baridi.

Je, kilichozoea ni nini? Devlin mwaka 1997 aliwapa watu 400 kwa bilioni siku tano na kuosha mapafu yao. Nutrofili zilipungua kufikia siku ya tano, lakini kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye chembe zilizovunjika kilibaki juu. Chembe ziliendelea kufa. Jörres na wenzake, Ujerumani, mwaka 2000 walichukua vipande vidogo vya ngozi ya ndani ya njia za hewa baada ya siku nne mfululizo: pumzi za wahusika zilikuwa zimerudi, na bado nutrofili zilikuwa zimejaa kwenye ngozi hiyo. Neva zilikuwa zimechoka kulalamika. Jeraha lilikuwa halijafunga kazi.

Ukichukua wazo hili ukaliweka juu ya orodha ya nani anaathirika na nani haathiriki, orodha hiyo inabadilika sura. Vijana wa miaka kati ya 18 na 25 hupoteza pumzi nyingi zaidi. Kuanzia hapo wepesi hushuka kwa umri, na kwa watu wa miaka 60 karibu hauonekani kwenye kipimo. Wavutaji sigara nao hupoteza kidogo kuliko wasiovuta. Hakuna daktari atakayesema kwamba mvutaji wa miaka 60 ana mapafu bora kuliko kijana wa miaka 20. Utafiti mkubwa ulioitwa MOSES, uliotolewa mwaka 2017, uliwachukua watu 87 wenye afya wa miaka 55 hadi 70 na kuwapa 70 au 120 kwa bilioni kwa saa tatu pamoja na mazoezi ya wastani. Moyo haukuonyesha badiliko la kutegemewa, pumzi zilipungua kidogo, lakini dalili za uvimbe na za kuta za njia za hewa kuvuja zilionekana. Wazee hawalalamiki, gesi inawafikia.

Watoto ndio wanaonisumbua zaidi. McDonnell mwaka 1985 aliwapa wavulana wa miaka 8 hadi 11 sehemu 120 kwa bilioni kwa saa mbili na nusu huku wakifanya mazoezi makali. Pumzi zao zilishuka kwa kiasi kilichokaribiana na cha watu wazima, lakini hawakukohoa zaidi wala kusema wanaumia. Mtu mzima akiumwa kifua hupunguza mwendo. Mtoto anaendelea kucheza. Na katika utafiti wa watoto zaidi ya 3,500 wa kusini mwa California, uliotolewa na McConnell mwaka 2002, watoto wasiokuwa na pumu waliocheza michezo mitatu au zaidi katika miji yenye ozoni nyingi walipata pumu mara tatu hivi ya wasiocheza. Katika miji yenye ozoni kidogo michezo haikuwa na madhara hayo. Huo ni utafiti wa kufuatilia, hauwezi kuthibitisha chanzo kama jaribio la chumbani, ila unaendana vizuri mno na kila kilichoonekana maabara.

Nje ya maabara, kazi ninayoipenda kuliko zote ilifanyika Fraser Valley, British Columbia, kiangazi cha 1993. Michael Brauer na wenzake waliwapima vibarua 58 wa kuchuma matunda madogo, kabla na baada ya zamu iliyokuwa na wastani wa saa 11. Hewa ya bonde lile ilikuwa safi kwa vigezo vya wakati huo; kilele cha kila siku kilikuwa na wastani wa 40 tu kwa bilioni. Hata hivyo kila siku ozoni ilipopanda, pumzi za jioni zilishuka, na asubuhi iliyofuata zilikuwa bado hazijarudi zote. Chini ya kiwango ambacho mataifa yanakiita salama, watu wenye afya ya kutosha kuinama kutwa juani walikuwa wakipungukiwa. Waliopanda Mlima Washington, New Hampshire, kwa matembezi katika viangazi vya 1991 na 1992 walitoa picha ya aina hiyo: katika watu 530, Korrick alikuta hasara ya asilimia 2.6 kwa kila nyongeza ya 50 kwa bilioni. Tofauti ni kwamba mpanda mlima huenda mara moja. Mchumaji hurudi kesho.

Madhara ya miaka mingi ni eneo ambalo hakuna chumba cha majaribio kinachoweza kulifikia. Utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 7,000 katika miji sita ya Marekani, uliochapishwa na Wang na wenzake mwaka 2019, uliona kwamba wakaaji wa maeneo yenye ozoni nyingi walionyesha kwenye picha za mapafu ongezeko kubwa la emfisema, hali ya vifuko vya hewa kuharibika, pamoja na pumzi kupungua kwa kasi zaidi. Mimi naona matokeo hayo yana uzito kwa sababu yanagusa hasa mahali ozoni inapofika: pale vijia vyembamba vinapokutana na vifuko.

Kuna majaribio ya kinga pia. Samet na wenzake mwaka 2001 waliwapa watu vitamini C, vitamini E na juisi ya mboga kwa wiki mbili, kisha ozoni. Anguko la pumzi lilipungua kwa karibu theluthi. Uvimbe ulibaki pale pale. Anayeuza vidonge vya kukinga mapafu na hewa chafu anaweza kuonyesha nusu ya kwanza ya matokeo hayo na kuficha ya pili.

Na kuna bidhaa mbaya zaidi, kwa kuwa inaitengeneza gesi yenyewe: mashine za ozoni za kusafishia hewa ya chumba, gari au hoteli, zinazouzwa sasa kila mahali kwa majina kama oksijeni iliyoamshwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani imeandika katika kanuni zake kwamba ozoni ni gesi yenye sumu isiyo na matumizi ya tiba yanayojulikana, na imeweka kikomo cha 50 kwa bilioni kwa vifaa vya tiba vinavyoitoa. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mashine isiyo na udhibiti inaweza kupita kikomo hicho mara nyingi. Harufu, ambayo mtu huitegemea kama onyo, hupotea puani baada ya muda mfupi wakati gesi bado ipo. Mashine kama hiyo isiwashwe mahali penye mtu, na chumba kifunguliwe madirisha kabla ya mtu kuingia. Barakoa ya kitambaa haisaidii, wala ile nzito ya kuzuia vumbi, gesi hupita.

Kwa anayefanya kazi au mazoezi nje, ratiba ndiyo kinga. Ozoni huhitaji jua, hivyo hupanda kuanzia katikati ya asubuhi, hufika kilele mchana na alasiri, na kushuka usiku. Kukimbia alfajiri, au kuhamishia kazi nzito ya shamba na ya ujenzi kwenye saa za mapema siku za jua kali lisilo na upepo, hupunguza dozi kuliko kidonge chochote.

Kwetu Afrika Mashariki jambo linalohitaji kufanywa kwanza ni kupima mahali panapostahili. Tuna historia ya heshima katika kupima ozoni ya juu: Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikirusha maputo yenye vipima ozoni kutoka Nairobi tangu 1996, na kituo cha Mlima Kenya kilichofunguliwa 1999 hupima hewa kwenye urefu wa zaidi ya mita 3,600. Huku chini, vipima hewa vingi vya bei nafuu vinavyofungwa mijini husoma vumbi. Na hata pale ozoni inapopimwa, kipima kilichofungwa kando ya barabara kuu kitadanganya, kwa kuwa oksidi ya naitrojeni inayotoka moja kwa moja kwenye mabomba ya magari huila ozoni iliyo karibu. Moshi wa mji ukichukuliwa na upepo kwa saa kadhaa chini ya jua, ozoni huongezeka mbali na magari, juu ya mashamba na viwanja vya shule vya pembezoni. Kwa Nairobi na Dar es Salaam, kipima cha kwanza cha kununua kinapaswa kufungwa huko, upande unakoelekea upepo wa alasiri, kwenye urefu wa mdomo wa mtu anayelima.